Vituo vya Huduma vya Kampuni za Kimataifa: Kaunti Ina Nini Mkononi?

Novemba 2024, serikali ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India, ilizindua sera ya miaka mitano yenye shabaha moja: kuvuta kampuni kubwa za kimataifa zifungue vituo vyao vya huduma na ubunifu jimboni humo. Lengo lake ni vituo vipya 500 na nafasi za kazi 350,000 kufikia 2029. Sera hiyo haikuandikwa na serikali ya taifa. Iliandikwa na jimbo, na ndiyo maana inafaa kusomwa hapa Kakamega.

Kituo cha aina hii si kiwanda cha moshi na malori. Benki ya London au kampuni ya bima ya Marekani huamua kwamba hesabu zake, simu za wateja wake au programu zake za kompyuta zishughulikiwe katika nchi nyingine yenye vijana waliosoma na gharama nafuu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuipa kampuni nyingine mkataba wa kuifanya kazi hiyo. Ya pili ni kufungua ofisi yake yenyewe na kuajiri moja kwa moja. Mwananchi anayesubiri ajira aijue tofauti hii, kwa sababu mkataba ukiisha kazi yaweza kupelekwa kwingine, lakini ofisi yenye wahandisi waliofunzwa kwa miaka haihami upesi.

Kenya imo katika biashara hii kwa muda sasa. Ruwaza ya 2030, iliyozinduliwa 2008, iliitaja kuwa mojawapo ya nguzo za uchumi, na nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009 nchi iliacha kutegemea setilaiti, iliyokuwa ghali na yenye kuchelewesha sauti. IBM ilifungua maabara ya utafiti Nairobi mwaka 2013. Microsoft ikaja na kituo cha kutengeneza programu mwaka 2019. Mwaka 2024 Rais William Ruto alifungua kituo kikubwa cha simu cha CCI Global huko Tatu City, Kaunti ya Kiambu. Ukizitazama kwenye ramani, zote ziko Nairobi au viungani mwake. Kijana aliyehitimu Chuo Kikuu cha Masinde Muliro akitaka kazi ya namna hiyo, hupanda basi.

Je, serikali ya kaunti inaweza kubadilisha hali hiyo? Watu wengi hudhani jibu ni kumsamehe mwekezaji kodi. Katiba haikuipa kaunti uwezo huo kwa kodi zilizo kubwa. Kifungu cha 209 kinaiachia serikali ya kitaifa kodi ya mapato, kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa forodha. Kaunti imebaki na kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma inazotoa, zikiwemo leseni za biashara. Afueni kubwa hutoka Nairobi: chini ya Sheria ya Maeneo Maalum ya Kiuchumi ya 2015, kampuni iliyo ndani ya eneo hilo hulipa kodi ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na asilimia 15 kwa kumi inayofuata, badala ya asilimia 30 ya kawaida. Kaunti haiwezi kutangaza eneo kama hilo peke yake. Inachoweza ni kutafuta ardhi, kuipanga, na kuwasilisha hoja yake mbele ya serikali ya kitaifa.

Ukweli ni kwamba meneja anayechagua mahali pa kuweka watu 500 haanzi na kodi. Huanza na maswali mengine. Umeme hukatika mara ngapi? Kuna njia mbili za intaneti, ili moja ikikatwa na trekta la barabara nyingine ibaki? Nitapata wapi watu 500, na 500 wengine hawa wakiondoka? Uwanja wa ndege uko mbali kiasi gani?

Kwa swali la mwisho, Kakamega ina Kisumu, umbali wa kilomita zipatazo 50. Kwa swali la watu, sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,867,579, na mbali na Masinde Muliro kuna Chuo cha Kitaifa cha Sigalagala. Taasisi hizo mbili ziko chini ya serikali ya kitaifa. Vyuo vya mafunzo ya ufundi vilivyo vijijini ndivyo vya kaunti kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba, na huko ndiko bajeti ya kaunti inaweza kugusa mtaala moja kwa moja: uandishi mzuri wa barua pepe, hesabu za kompyuta, Kiingereza cha simu, ulinzi wa taarifa za wateja kama inavyodai Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani kwenye vipeperushi vya wawekezaji, nalo ni saa. London inapofungua ofisi saa tatu asubuhi, Kakamega ni saa sita mchana, au saa tano wao wakiwa katika majira ya joto. Hiyo ni zamu ya kawaida. New York inapofungua saa hiyohiyo ya kwao, hapa ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi yao, na kazi itaendelea mpaka usiku wa manane na kupita. Binti anayetoka zamuni saa tisa usiku atafikaje Lurambi au Shinyalu? Taa za barabarani, kituo salama cha matatu, barabara ya mtaa inayopitika mvua ikinyesha: hayo ni majukumu ya kaunti, na yana uzito kuliko punguzo la leseni.

Karnataka yenyewe haikuanza na sera ya 2024. Shirika la jimbo la vifaa vya elektroniki lilianzishwa 1976 na kutenga ardhi nje ya Bangalore wakati wengi hawakuona ya nini. Texas Instruments ilipofika 1985, ilibidi iweke kiungo chake cha setilaiti, na inasimuliwa kwamba vifaa vyake vilivutwa kwa mkokoteni wa ng'ombe (picha ambayo mkulima wa miwa wa Mumias hahitaji kuelezwa). Sera ya kwanza ya jimbo ya teknolojia ya habari ilikuja 1997. Kati ya ardhi na sera ilipita miaka ishirini na moja, ambayo ni zaidi ya mihula minne ya gavana. Leo Bangalore imejaa, na jimbo linahimiza kampuni ziende Mysuru, Mangaluru na miji mingine midogo. Kakamega iko katika nafasi ya Mysuru, si ya Bangalore, na ingefaa ijipime hivyo.

Mumias imefundisha pia. Kampuni ya sukari ilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, wakulima, madereva na wenye maduka walianguka pamoja nayo, kwa kuwa mji mzima ulikuwa umeegemea mwajiri mmoja. Kituo cha simu chenye mteja mmoja kinaweza kuleta kilio kilekile, na kwa haraka zaidi: kompyuta huzimwa kwa siku moja.

Tena si kila kazi ya skrini ni nyepesi. Mwaka 2022 aliyekuwa mchujaji wa maudhui jijini Nairobi aliishtaki Meta, mmiliki wa Facebook, pamoja na kampuni iliyomwajiri, akilalamikia mazingira ya kazi na athari za kiakili za kutazama picha za ukatili. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini Kenya. Kaunti inayomkaribisha mwekezaji ina haki ya kuuliza mapema ni kazi gani hasa itafanyika ndani ya jengo hilo, na kama kuna mshauri wa kisaikolojia.

Mapendekezo ya namna hii yakifika bunge la kaunti, Kifungu cha 196 kinataka wananchi washirikishwe. Mwananchi anayehudhuria kikao katika wadi yake anaweza kuuliza kuhusu ardhi, kwa sababu Kifungu cha 65 kinamruhusu mgeni kukodisha tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Anaweza pia kuuliza kuhusu msamaha wowote wa kodi au ada. Kifungu cha 210 kinasema sheria ikiruhusu msamaha, lazima rekodi ya umma ihifadhiwe ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na kila msamaha uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.