Supu Nzito ya Uyoga kwa Siku ya Mechi

Jumamosi Simba na Yanga wanakutana. Nyumbani kwenu kuna televisheni, kwa hiyo washkaji saba wamekwisha jialika wenyewe. Mama amekubali, ila kwa sharti moja: wageni ni wako, chakula ni juu yako.

Utawapa nini? Mara nyingi mambo ni yale yale: soda, karanga, biskuti, na chipsi zinazoelea kwenye mafuta. Halafu kuna yule mmoja anayekuja na kichupa amekificha mfukoni. Watu wakishiba vizuri na wakiwa na kitu cha moto mkononi, hicho kichupa hakipati soko. Basi leo tupike supu nzito ya uyoga.

Najua unachofikiria. Ukisema supu, wengi wetu tunaona makongoro, utumbo au kuku, asubuhi, na chapati mbili pembeni. Hii si hiyo. Hii ni laini, nzito kidogo kama uji mwepesi, na ina maziwa. Upishi wa namna hii ni wa Ulaya zaidi, lakini uyoga wenyewe si mgeni kwetu. Waulize watu wa Iringa, Tabora na Kigoma, watakueleza mvua zinapoanza ni chakula gani kinatafutwa.

Na wavulana, msijifanye hamsikii. Kama una mikono ya kushangilia goli, una mikono ya kumenya vitunguu.

UYOGA NI KITU GANI?

Swali la Baiolojia hilo. Uyoga si mmea. Hauna klorofili, kwa hiyo hauwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Uko katika kundi la fangasi, ndugu wa hamira na ukungu wa mkate. Unapata chakula chake kwa kuozesha majani, miti na mabua, au kwa kushirikiana na mizizi ya miti. Kile tunachokula ni sehemu ya uzazi tu. Mwili wenyewe ni nyuzinyuzi nyembamba zilizojificha ndani ya udongo au kuni iliyooza.

Kuna uyoga mwingine unaolimwa na mchwa! Ndani ya kichuguu, mchwa wanatunza bustani ya fangasi, na mvua ikinyesha uyoga unachomoza juu. Mmoja wao, Termitomyces titanicus, unaweza kufikia upana wa mita moja. Mwamvuli kabisa.

Kwa upande wa lishe, uyoga mbichi ni maji kwa karibu asilimia 90. Gramu 100 zina protini kama gramu 3, pamoja na vitamini za kundi B na madini ya potasiamu. Ukianikwa juani unatengeneza pia vitamini D. Lakini usidanganywe na wale wanaosema uyoga ni sawa na nyama. Maharage yaliyopikwa yana protini karibu mara tatu ya hiyo. Ndiyo maana katika supu yetu tunaongeza maziwa.

KABLA YA JIKO: UYOGA HUU UMETOKA WAPI?

Hapa naomba utulie, maana hapa ndipo pana kufa na kupona.

Nunua uyoga uliolimwa. Siku hizi wakulima wengi wanalima uyoga aina ya mamama, ule wenye umbo kama sikio, kwenye mifuko ya mabua ya mpunga au majani makavu ya migomba. Kwenye supamaketi kuna pia ule mweupe wa duara kama kifungo. Wote unafaa. Wa kopo nao unafaa, ila mwaga maji yake, yana chumvi nyingi.

Usiende kuokota porini kwa sababu eti unafanana na ule wa bibi. Bibi anaujua uyoga wa eneo lake kwa miaka mingi, tena anaujua kwa shina, harufu, mti uliopo jirani na majira ya mwaka. Wewe umeuangalia kichwa tu. Na ukihamia mkoa mwingine, elimu ya bibi haihami pamoja na begi lako. Chukua kundi linaloitwa kitaalamu Amanita. Katika misitu ya miombo wapo wa kundi hilo wanaoliwa na kupendwa. Katika kundi hilo hilo wamo wanaoua kuliko uyoga mwingine wote duniani.

Sasa sikiliza sumu yao inavyofanya kazi. Mtu anakula leo mchana, anasifia, analamba sahani. Saa 6, 12, hata 24 zinapita bila dalili. Halafu ghafla tumbo linasokota, anatapika na kuharisha kama mwenye kipindupindu. Baada ya siku moja au mbili anapata nafuu, na nyumbani wanashukuru. Kumbe wakati huo huo sumu inaharibu ini. Siku chache baadaye macho yanakuwa ya njano, na hapo mara nyingi tumechelewa.

Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Kuukausha hakuiondoi. Tena kuna imani kibao mitaani ambazo zimewapeleka watu makaburini. Eti chemsha na kijiko cha fedha, kikibadilika rangi una sumu: si kweli. Eti kama konokono au wadudu wameula, binadamu naye anaweza: si kweli, tumbo la konokono si lako. Eti wenye sumu wana rangi kali: ule unaoua zaidi, Amanita phalloides, una kijani kilichopauka, na mwingine ni mweupe safi kama shati la shule. Eti ukinywa maziwa sumu inakatika: nayo si kweli.

Ikitokea mtu amekula uyoga wenye mashaka, msingoje dalili. Nendeni hospitali wote mliokula, hata anayesema yuko fiti. Bebeni uyoga uliobaki, au hata maganda na mboga iliyobaki sufuriani, ili daktari apate pa kuanzia. Na akipata nafuu, asirudishwe nyumbani kabla daktari hajaruhusu.

Basi. Tumekubaliana uyoga ni wa kulimwa. Tuingie jikoni.

MAHITAJI (watu 8)

Uyoga mbichi kilo 1. Vitunguu maji 3. Vitunguu saumu punje 4. Mafuta ya kula au siagi vijiko 6 vya chakula. Unga wa ngano vijiko 8 vya chakula, visivyo na mlima. Maji lita 1, au maji yaliyochemshiwa mifupa ya kuku. Maziwa lita 1. Pilipili manga. Chumvi kijiko 1 cha chai. Majani ya kotimiri ukiyapata.

Hiyo chumvi si bahati mbaya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kama utatumia vile vidonge vya mchuzi, basi chumvi acha kabisa, maana ndani yake imejaa.

Maziwa ya kupimiwa mtaani yachemshe kwanza mpaka yafoke. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na bruselosi. Na kama kuna rafiki ambaye maziwa yanamjaza gesi tumboni, tumia tui la nazi badala yake. Wenzetu wa pwani watasema hilo ndilo lilitakiwa tangu mwanzo, na sitabishana nao.

TUNAPIKA

Nawa mikono kwa sabuni. Suuza uyoga haraka haraka kwa maji safi, usiuloweke. Ukate vipande vyembamba.

Weka sufuria jikoni, mafuta vijiko 2, yakipata moto mimina nusu tu ya uyoga. Kwa nini nusu? Ukijaza wote kwa pamoja, maji yake yatatoka kwa wingi na uyoga utachemka badala ya kukaangika. Hata hiyo nusu itatoa maji. Usishtuke, wala usiongeze moto kwa hasira. Subiri yakauke, ndipo uyoga uanze kuwa wa kahawia na harufu ibadilike. Hiyo rangi ya kahawia ndiyo ladha ya supu yako. Anayekosa subira hapa atapata supu ya kijivu yenye ladha ya maji ya moto. Utoe, kaanga nusu ya pili vile vile kwa kijiko 1 cha mafuta, uweke pembeni.

Kwenye sufuria hiyo hiyo weka mafuta yaliyobaki, vitunguu maji, kisha saumu. Vikilainika, nyunyiza unga na ukoroge na mwiko kwa dakika 2 mpaka harufu ya unga mbichi iishe.

Hapa pana sayansi kidogo. Unga una chembe za wanga. Ukizitupa zikiwa kavu kwenye maji ya moto, za nje zinavimba na kunata, za ndani zinabaki kavu. Hilo ndilo donge. Ukizipaka mafuta kwanza zinaachana, kila moja inavimba kivyake, na supu inakuwa laini. Kwa hiyo maji nayo yatie kidogo kidogo, kikombe kimoja, koroga, kingine, koroga. Ukiyamwaga yote kwa mara moja, umechemsha, na sisemi juu ya moto.

Maji yakiisha kuingia, acha ichemke polepole dakika 10. Chukua nusu ya uyoga uliokaangwa, utwange kwenye kinu mpaka ulainike, urudishe ndani. Nusu nyingine iache vipande, meno yapate kazi.

Maziwa yanakuja mwisho, yakiwa ya moto, na jiko likiwa limepunguzwa. Ukitumia mkaa, funga kile kimlango cha chini au funika makaa na majivu. Usiache supu yenye maziwa itokote kwa nguvu, na kamwe usikamulie limau ndani ya sufuria. Moto mkali na tindikali vinayafanya maziwa yakatike, na utabaki na vibonge vinavyoelea. Anayependa limau akamulie kwenye bakuli lake. Malizia na chumvi, pilipili manga na kotimiri.

MUDA, MUDA, MUDA

Mechi ikianza saa 11 jioni, mapumziko yatakuwa kama saa 11 na dakika 45, nayo ni dakika 15 tu. Anza kupika saa 9. Hadi saa 10 na nusu supu iwe imekamilika bila maziwa, ikae juu ya moto mdogo huku inatoa mvuke. Usiiepue ikakaa sakafuni mpaka ipoe. Bakteria wanaoharibu chakula wanazaliana sana kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na hali ya hewa ya Dar es Salaam iko katikati kabisa hapo.

Dakika ya 35 ya mchezo mtu mmoja anaingia jikoni kutia maziwa. Pigeni kura nani. Asiwe dada yako mdogo kila siku.

Jambo lingine. Mvua ikinyesha, watu wana kawaida ya kuingiza jiko la mkaa sebuleni ili supu ibaki ya moto. Msifanye hivyo. Makaa yanatoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa madirisha inaleta kichwa kuuma, usingizi, na inaua kimya kimya. Jiko libaki barazani au jikoni penye hewa. Kama mna hotipoti, mimina supu humo.

Ipakue kwenye vikombe vya chai, si sahani. Mtu anayeruka goli likiingia hawezi kushika sahani ya supu ya moto. Pembeni weka mkate uliobanikwa au chapati, na machungwa ya kumalizia.

IKIBAKI

Isikae nje zaidi ya saa 2. Kama kuna friji, igawe kwenye vyombo vidogo vipana ili ipoe upesi, uiweke ndani, na kesho uipashe moto mpaka ichemke kote huku unakoroga ili isishike chini. Kama hakuna friji, mgawie jirani usiku ule ule, hata kama ni wa timu nyingine. Na sufuria iloweke kwa maji ya baridi mara moja, maana wanga ukikaukia humo utasugua mpaka Jumapili mchana.