Heita inamaliza LUKU, mume kazima swichi

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Arusha na mume wangu pamoja na mama yake mzazi. Tulipohamia kwenye nyumba yetu tulifunga heita ya tangi ya lita 80 na haikutusumbua. Siku hizi LUKU ya shilingi 50,000 haivuki wiki mbili. Mume wangu amechoka kununua umeme. Wiki iliyopita alizima swichi ya heita, akasema kila mtu aoge maji ya bomba kama yeye alivyooga bwenini. Mama mkwe ana miaka 74 na kifua kinambana, kwa hiyo namchemshia maji kwenye jiko la mkaa, na baridi ikizidi naliingiza jiko bafuni kidogo kupasha joto. Muuza heita za sola anataka milioni mbili na nusu. Anasema nitasahau umeme wa maji ya moto na hela itarudi ndani ya miaka miwili. Shemeji anasema tununue zile heita ndogo zinazofungwa kwenye bomba la mvua. Nafikiria kukopa kwenye kikoba. Halafu, kabla heita haijazimwa, bomba la bafuni lilikuwa linanipiga shoti kidogo nikiligusa. Mume hajui nimekuandikia. Nifanyeje?*
*Mama Watatu, Arusha*

Barua yako umeianza na LUKU, lakini mimi nitaanzia pale ulipoweka mwisho, kwenye ile shoti. Mumeo alizima heita kwa hasira ya pesa, na bila kujua akafanya jambo la maana kuliko yote mliyofanya mwezi huu. Bomba linalopiga shoti lina maana kwamba umeme unavuja kutoka kwenye heita na kuingia kwenye maji au mabomba, na waya wa ethi, ule wa kijani na njano ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini, ama haupo, ama umekatika, ama uliunganishwa kwa kubahatisha. Leo ni mtekenyo wa mkononi. Kesho mtoto kasimama pekupeku kwenye sakafu yenye maji, na hapo tutakuwa tunazungumza mengine. Swichi ibaki imezimwa mpaka aje fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Akague elementi, apime ethi ya nyumba nzima, na akufungie kwenye meni swichi kile kifaa kinachokata umeme mara unapovuja. Jirani anayejua kuunga waya asiguse.

La pili pia ni la leo. Jiko la mkaa lisiingie bafuni, hata kidogo, hata mlango ukiwa nusu wazi. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mzee mwenye kifua ndiye wa kwanza kuzidiwa. Chemsha maji nje au jikoni penye madirisha wazi, umpelekee ndoo.

Sasa tuje kwenye pesa. Umesema heita haikuwasumbua mwanzoni. Heita ni ileile, na bila shaka waogaji ni walewale. Kama gharama imepanda, kuna kitu kimeharibika, na ile shoti ni shahidi wako wa kwanza. Elementi iliyopasuka huvujisha umeme mnaoulipia. Thamostati iliyokwama huchemsha bila kujua kusimama. Bomba la maji ya moto linalodondosha tone moja moja humwaga joto mchana na usiku. Fundi aangalie yote matatu kabla hujafikiria kununua chochote. Aangalie pia ile valvu ndogo ya usalama iliyo kwenye tangi: ikidondosha maji, watu wengi huiziba kwa kizibo ili kuokoa usumbufu, na tangi lililozibwa hivyo likizidiwa na mvuke hupasuka kwa nguvu ya kubomoa ukuta.

Tupige hesabu, maana ugomvi wenu na mumeo utaisha kwa hesabu kuliko kwa maneno. Kwa bei ya kawaida ya majumbani, shilingi 10,000 inatoa uniti kama 28, yaani uniti moja ni karibu shilingi 356 kodi zikiwemo. Maji ya Arusha msimu wa baridi hutoka bombani yakiwa na nyuzi kama 18. Kuyapasha lita 80 mpaka nyuzi 60 kunakula uniti 3.9, karibu shilingi 1,400. Ongeza joto linalopotea lenyewe kupitia kuta za tangi, uniti moja hadi mbili kwa siku kwa tangi la zamani, hata kama hakuna aliyeoga. Kwa mwezi hapo ni karibu shilingi 58,000 kwa heita peke yake. Na nyumba yenye heita ya namna hii isahau ile bei ya chini ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, kwa sababu tangi pekee linazipita.

Linganisha na maji mnayoyahitaji kweli. Ndoo ya lita 20 iliyochanganywa vizuri, ya nyuzi 40, inataka nusu uniti. Mko sita. Uniti tatu kwa siku, shilingi 32,000 kwa mwezi, ndiyo bei halali ya kuoga kwenu. Kinachobaki juu ya hapo mnapasha hewa ya darini. Heita iliyowashwa saa 24 ni sufuria iliyoachwa jikoni usiku kucha ili mtu anywe chai asubuhi. Baada ya matengenezo, shusha thamostati. Tuseme imewekwa kwenye nyuzi 75. Ukiiweka kwenye 60 unapunguza robo ya joto linalopotea. Usishuke chini ya hapo, kwani maji yaliyotunzwa vuguvugu huzalisha bakteria wanaoshambulia mapafu, na nyumba yako ina mgonjwa wa kifua. Lakini maji ya nyuzi 60 nayo huunguza ngozi ya mzee ndani ya sekunde chache, kwa hiyo maji ya baridi yatangulie kwenye ndoo, ya moto yafuate. Mwambie fundi afunge na taima, heita iwake saa mbili kabla ya muda wa kuoga, kisha izime yenyewe. Mabomba ya maji ya moto yanayopita darini yavishwe sponji. Vyote hivi kwa pamoja ni gharama ndogo sana ukilinganisha na milioni mbili na nusu.

Shemeji yako simlaumu. Heita ndogo ya kwenye bomba la mvua ni rahisi kununua na haitunzi maji, kwa hiyo haipotezi joto wakati hakuna anayeoga. Kwa mtu mmoja aliyepanga chumba inafaa. Kwenu haifai. Kifaa cha kilowati 5.5 kinavuta karibu ampea 24, na nyaya za soketi zilizomo kwenye nyumba nyingi, zile za 2.5 mm², hazikuwekwa kwa mzigo huo. Lazima kiwe na waya wake mnene kutoka kwenye meni swichi na ethi isiyo na mashaka, kwa sababu hapo umeme na maji vinakaa sentimita chache juu ya kichwa cha mtu. Na dakika kumi za kuoga ni uniti 0.9. Watu sita ni uniti tano na nusu, yaleyale mnayoyakimbia, na vijana wanaoishia dakika kumi ni wachache.

Muuza sola ndiye nina neno naye. Bidhaa yake ni nzuri, ahadi yake ndiyo mbovu. Ili milioni mbili na nusu irudi ndani ya miaka miwili, lazima uokoe zaidi ya shilingi 104,000 kila mwezi. LUKU yenu yote, na friji, pasi, taa na televisheni ndani yake, ni kama laki moja. Kwa hiyo anakuahidi uokoe karibu kila shilingi unayotumia. Ukishatengeneza heita mliyonayo, maji ya moto yatawagharimu labda 37,000 kwa mwezi. Sola ikibeba theluthi mbili ya hizo, unaokoa karibu 25,000, na deni linarudi baada ya miaka minane hivi. Heita nzuri ya sola inaweza kufika huko na kupita, lakini mkopo wa kikoba hauwezi kukusubiri miaka minane.

Tena hakukwambia habari ya mawingu. Njombe au Makete miezi ya baridi ni miezi ya kiangazi, usiku unaganda lakini mchana jua ni kali, na sola inajibu. Arusha, kama Nairobi, baridi ya Juni hadi Agosti inakuja na wingu zito, tena siku nyingi halifunguki mpaka mchana. Maana yake jua linapungua wakati ule ule mama mkwe anapohitaji maji ya moto zaidi. Kwa hiyo sola ya Arusha inahitaji elementi ya akiba ya umeme, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanaiwasha akiba usiku kucha. Jua linapotoka, tangi tayari limejaa maji ya moto yaliyolipiwa LUKU, na jua halina cha kupasha. Mtu kanunua sola na bado ananunua umeme uleule, kisha anaenda kuwaambia majirani kwamba sola ni utapeli. Akiba iwashwe kwa taima, jioni tu, tena siku ambazo maji hayakupata moto. Na familia ihamishie kuoga kwake saa 11 au 12 jioni, maji yanapokuwa na joto la juu kabisa.

Siku ukiwa tayari kununua, mambo machache ya paa. Arusha iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo heita itazame kaskazini, ikiwa imeinama nyuzi 15 hivi ili maji yazunguke yenyewe na mvua ioshe vumbi. Mgrevilea au mparachichi wa upande huo utakuibia jua. Mifumo mingi ya mirija ya vioo haina presha, inajazwa na simtanki, na simtanki lazima likae juu zaidi ya tangi la sola. Ukiona muuzaji anapanda paani bila kuuliza simtanki lako liko wapi, mshushe. Lita 200 za maji ni kilo 200 kabla hujahesabu tangi na fremu, na kenchi za mbao za kawaida hazikuhesabiwa kubeba hivyo. Fundi seremala apande kwanza.



Mumeo asijue kwamba mimi ndiye niliyemsifia kuzima swichi, ila wewe msifie. Kisha mwombe mfanye jambo moja pamoja baada ya fundi kumaliza. Siku moja mwache heita ikiwaka mchana kutwa, msome uniti zilizobaki kwenye mita asubuhi na asubuhi inayofuata. Siku ya pili iwake kwa taima peke yake, msome tena. Yeye ndiye aandike. Mwanamume aliyezoea kulipa bili peke yake hupenda kuona namba kwa macho yake kuliko kuambiwa na mke au na gazeti. Lakini ndoo ya moto ya mama yake isiwe sehemu ya mabishano hayo, na sidhani kama mwenyewe anataka iwe.

Uamuzi wangu ni huu: usikope. Tengeneza heita uliyonayo, na uanze kuweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya sola. Fundi akifungua tangi na kukuta chuma chenyewe kimeoza, hapo hesabu inabadilika, maana itabidi ununue tangi jipya hata hivyo, na hilo jipya liwe la sola. Likitokea hilo, niandikie tena, unieleze paa lako linatazama wapi na simtanki liko juu kiasi gani.