Mlango wa depo: kuziba pengo, mpunga ukiwa umekauka



Wengi wetu tunatia kufuli kubwa kwenye mlango wa depo, na chini ya mlango ule ule kunabaki pengo ambamo mkono wa mtoto unaingia. Pale ndipo panapita panya na hewa yenye maji. Hapa Kisangani hewa ni nzito karibu mwaka mzima, na mpunga uliokaushwa vizuri unavuta tena maji kutoka hewani.

Ingieni ndani saa sita ya mchana, mtu afunge mlango kwa inje. Kila mahali mnapoona mwangaza, wekeni alama ya makala. Panya mdogo anapita kwenye nafasi ya unene wa kalamu tu.

Tafuteni shambrea ya kinga iliyochakaa; watengenezaji wa toleka wanaitupa kila siku. Pasueni kwa urefu, osheni kwa sabuni, kausheni, kateni mikanda ya sentimeta 4. Kwenye fremu, pale mlango unapogusa, pigilieni ukingo mmoja tu wa mkanda, misumari midogo ya kichwa kipana, kila sentimeta 10. Ukingo wa pili ubaki huru ili mlango uukandamize. Musivute mpira wakati wa kupigilia! Ukivutwa, kesho utarudi na kuacha pengo kwenye kona.

Chini ya mlango wekeni mkanda mpana zaidi, uguse sakafu. Sakafu ikiwa na mashimo, tengenezeni kwanza kizingiti cha simenti. Na juu ya panya kutafuna mpira, pigilieni kwa inje bati la kimo cha sentimeta 30, upana wote wa mlango, lifike karibu kabisa na kizingiti.

Sisi wenyewe tulikosea mara moja: tuliziba mlango vizuri, ndani kukiwa na mifuko ya mpunga ambao haujakauka. Baada ya wiki mbili mifuko ilikuwa moto katikati, na ukungu ulishika mbegu ya msimu uliofuata. Basi, kabla ya kuingiza mpunga, tieni konzi ya mbegu na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, funikeni, tikiseni, ngojeni dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, rudisheni mpunga juani.

Siku ya jua kali, fungueni depo alasiri, mufunge mbele umande haujaanguka. Mpira ukianza kupasuka, badilisheni kipande kile tu.