Masega Yaking'olewa, Moshi Anavuta Nani?

Wanachuo wenzangu, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kasulu. Baba mdogo ana Probox, mchomoko wa kupeleka abiria Kibondo. Gari likaanza kukosa nguvu milimani. Fundi wa jirani akatoa jibu moja tu: "Masega yameziba. Tuyatoe, litapumua." Tukaliinua kwa jeki hapo hapo uani, mimi nikashika tochi. Bomba la moshi likakatwa, masega yakagongwa kwa nondo mpaka yakatoka, bomba likachomelewa tena. Jioni ile ile masega yakapata mnunuzi. Gari likavuta kweli, na mimi nikawa wa kwanza kushangilia.

Wiki moja baadaye tulimpeleka bibi Kibondo. Vumbi lilikuwa jingi, tukafunga vioo. Njiani bibi akalalamika kichwa, mdogo wangu akatapika. Tukasema ni kona. Lakini tuliposimama na kukaa nje kwa muda, wote wakapata nafuu. Nikainama chini ya gari, nikasikia moshi unapuliza pale palipochomelewa. Mwalimu mtarajiwa wa Kemia, na tochi nilishika mwenyewe!

Masega yanafanya nini?

Petroli ikiungua yote hutoa kabonidayoksaidi na mvuke wa maji. Ila injini haiunguzi kila tone. Hubaki kabonimonoksaidi, mafuta ambayo hayakuungua, na oksaidi za naitrojeni. Masega ni kauri yenye vitundu vingi kama sega la nyuki, iliyopakwa kiasi kidogo cha platinamu, paladiamu na rodiamu. Hivi ni vichocheo, vile vile tulivyosoma sekondari: vinaharakisha badiliko bila vyenyewe kwisha. Kabonimonoksaidi inageuzwa kabonidayoksaidi, mafuta yaliyobaki yanamalizwa, na oksaidi za naitrojeni zinarudi kuwa naitrojeni ya kawaida. Sasa unajua kwa nini mnunuzi hafanyi mchezo na "uchafu" ule. Anafuata madini yenye thamani.

Kabonimonoksaidi haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushika himoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, lakini hewa haifiki. Kwetu usiku ni baridi, na kila mtu ameshasikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Gesi ni ile ile. Gari letu lilikuwa na makosa mawili: masega hayapo, na bomba linavuja chini ya miguu ya abiria waliofunga vioo.

Kumbuka pia kwamba risasi kwenye petroli huharibu masega. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani mwaka 2021. Mafuta yamesafishwa ili masega yafanye kazi, halafu sisi tunayagonga kwa nondo.

Ugonjwa uko wapi?

Masega hayazibi hivi hivi. Plagi au koili ikifa, petroli mbichi inaingia kwenye bomba, inaungulia ndani ya masega na kuyayeyusha. Ringi zikichoka, oili inaungua na kuacha majivu yake humo. Kuyatoa bila kutafuta chanzo ni kumziba mgonjwa mdomo ili asikohoe. Fundi wa pili alikuta koili moja imekufa. Hata baada ya kung'oa masega, petroli ilikuwa bado inapotea bure.

Jifunze kusoma moshi. Mweusi: mafuta yamezidi hewa, na kwa pikipiki ya kabureta anza na chujio la hewa, maana vumbi letu jekundu linaliziba haraka. Wa bluu: oili inaungua. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto: huenda maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda.

Na bodaboda wanaotoboa saylensa wapate "mlio", nawaomba kitu kimoja. Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha Kibondo, kila ilipopita moja nilinyamaza, na darasa zima likageukia dirishani. Dakika arobaini za kipindi si nyingi hivyo.

Tumebadilisha koili na kuchomelea bomba upya, safari hii tukalipima kwa maji ya sabuni injini ikiwaka, tusione povu. Masega bado hatujanunua. Bei yake ni kubwa kuliko hela tuliyopewa tulipouza, na baba mdogo anadunduliza. Bibi naye ameweka sharti lake: akipanda gari lile, vioo wazi. Anasema bora ale vumbi.