Kuchagua Risasi za Uwindaji Zisizo na Sumu, kwa Kuzingatia Umbali

Lugha yetu huita vitu viwili kwa neno moja: risasi inayofyatuliwa na bunduki, na risasi iliyo madini mazito yenye sumu. Ili mnunuzi asichanganyikiwe, katika somo hili kile kinachoruka kutoka mtutuni tutakiita "kichwa", na madini tutayaita "madini ya risasi".

Kwa nini kuchagua?

Kichwa chenye madini ya risasi humeguka kinapompiga mnyama. Baadhi ya vipande ni vidogo mno kuonekana kwa macho, na huweza kusambaa katika nyama iliyo mbali na jeraha. Kupika hakuviondoi, ndimu na siki husaidia kuviyeyusha. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba. Tumbusi walao matumbo yaliyoachwa porini nao hupata sumu hiyo. Jimbo la California nchini Marekani limepiga marufuku vichwa vya aina hiyo katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019.

Utambuzi dukani

Rangi isikudanganye. Vichwa vingi vyenye madini ya risasi hufunikwa kwa utando wa shaba, navyo hung'aa sawa na vya shaba tupu. Soma pakiti: iseme wazi kwamba kichwa chote ni cha shaba au cha mchanganyiko wa shaba. Maandishi yakikosekana, mwombe muuzaji mwenye leseni akuthibitishie kabla hujalipa.

Umbali na kasi

Kichwa cha shaba hakimeguki ovyo. Ncha yake hufunguka kama ua, na karibu uzito wake wote hubaki. Lakini ili kifunguke, sharti kifike kikiwa na kasi ya kutosha. Kikifika kimechoka, hupenya kama msumari, na mnyama hukimbia na jeraha akafie mbali.

Basi tafuta takwimu mbili: kasi ya chini inayohitajika, na kasi katika kila umbali. Tuchukue mfano wa kujifunzia. Mtengenezaji anataka kasi isiyopungua mita 600 kwa sekunde, na jedwali lake linaonyesha hivi:

- mdomoni mwa mtutu: 820
- mita 100: 755
- mita 200: 690
- mita 300: 630
- mita 400: 570

Kwa mfano huu, mita 300 ndiyo mwisho wa kupiga kwa uhakika. Kwa mita 400, kichwa hicho hakifai. Anayewinda vichakani, ambako mnyama huonekana kwa mita 100 au pungufu, ana akiba kubwa ya kasi. Anayewinda mbugani penye uwazi achague kichwa chenye ncha kali na kinachofunguka kwa kasi ndogo zaidi, au amsogelee mnyama.

Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi. Kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na si kila mtutu utakizungusha vya kutosha ili kiruke kikiwa kimenyooka. Mara nyingi inafaa kushuka uzito kidogo: kichwa huwa kifupi, na huanza safari kwa kasi kubwa zaidi.

Kabla ya kuingia porini

1. Safisha mtutu, kisha ulenge upya kwenye shabaha. Usidhani kilengeo cha zamani kitafaa.
2. Jaribu pakiti moja kabla ya kununua nyingi. Bunduki mbili za aina moja huweza kupendelea vichwa tofauti.
3. Hakikisha nyuma ya mnyama pana kizuizi cha udongo, kwani kichwa cha shaba mara nyingi hupenya na kutoka upande wa pili.
4. Zingatia masharti ya leseni yako kuhusu bunduki na mnyama.

Ikiwa bado unatumia madini ya risasi, kata na kutupa kwa upana nyama iliyozunguka jeraha, wala usimpe mtoto au mjamzito nyama ya mnyama huyo, kwa kuwa kukata hakuondoi kila kipande.