Sukari Ikishuka au Ikipanda Ghafla: La Kufanya Nyumbani na Yanayofanyika Hospitalini

Mtu mwenye kisukari anapoanguka nyumbani, sokoni au ndani ya matatu, walio karibu naye huwa na dakika chache za kuamua la kufanya. Huenda sukari katika damu imeshuka mno au imepanda mno, na hali hizi mbili hazitibiwi kwa njia moja.

Sukari kushuka ndiko kunakokuja kwa haraka. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, mgonjwa hutokwa na jasho, hutetemeka, moyo humwenda mbio na njaa humbana. Baadaye maneno huchanganyika na hatua huyumba. Wapita njia wengi humdhania mlevi na kumwacha kando ya barabara. Humpata zaidi anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, hasa akikosa mlo, akilima shambani kwa muda mrefu au akinywa pombe bila kula.

Akiwa macho na anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa ndani ya maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Soda isiyo na sukari haifai hapa. Apimwe tena baada ya dakika 15, na sukari ikiwa bado chini arudie. Akipata nafuu, ale chakula. Pasipo na kifaa cha kupimia, apewe sukari vilevile: ikiwa ilikuwa imeshuka itamwokoa, na ikiwa ilikuwa juu, kiasi hicho hakitabadilisha mengi.

Aliyezimia asitiwe chochote mdomoni, kwa sababu kitaingia mapafuni. Alazwe kwa ubavu na apelekwe hospitalini mara moja. Kosa baya zaidi ni kumdunga insulini kwa kubahatisha. Hospitalini, wauguzi hupima sukari ya mgonjwa yeyote aliyepoteza fahamu, hata asiyejulikana kuwa na kisukari, kisha humtilia glukosi kwenye mshipa. Wengi huzinduka baada ya dakika chache. Hata hivyo, anayemeza glibenklamaidi hubakizwa chini ya uangalizi, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini kwa saa nyingi na sukari inaweza kushuka tena.

Sukari kupanda huchukua saa nyingi au hata siku kadhaa. Insulini ikikosekana, mwili huanza kuchoma mafuta na kutoa asidi ziitwazo ketoni. Mgonjwa huwa na kiu kali na hukojoa mara kwa mara, kisha hutapika, huumwa na tumbo, hupumua kwa kina na kwa kasi, na pumzi hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Dalili hizi hudhaniwa kuwa malaria au homa ya matumbo, na kwa mtoto, nimonia. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani akianza tena huku akikonda, apimwe sukari siku hiyohiyo.

Chanzo kimoja kikubwa ni kuacha insulini wakati wa ugonjwa. Familia husema, "Hali chochote, basi asidungwe." Ukweli ni kwamba homa na maambukizi hupandisha sukari hata kwa asiyekula. Kipimo cha dawa kinaweza kurekebishwa na daktari, lakini mwenye kisukari cha aina ya kwanza hapaswi kukatiza insulini kabisa.

Katika chumba cha wagonjwa mahututi, jamaa huuliza kwa nini insulini haidungwi papo hapo. Maji ya chumvi kupitia mshipa hutangulia, kwa sababu mwili umekauka. Potasiamu pia hupimwa, kwani insulini huiondoa katika damu na kuiingiza ndani ya seli, na ikipungua mno moyo unaweza kusimama. Ndipo insulini hutiririshwa polepole, sukari ikipimwa kila saa. Ikifika karibu milimoli 14, glukosi huongezwa kwenye dripu huku insulini ikiendelea. Hilo huwashtua wengi, lakini si kosa la muuguzi: asidi bado haijaisha, na insulini ndiyo inayoizima. Kwa watoto, maji hutolewa kwa uangalifu zaidi kwa kuhofia ubongo kuvimba.

Kwa wazee, sukari inaweza kupita milimoli 30 bila asidi nyingi. Husinzia na kuchanganyikiwa kwa siku kadhaa, na jamaa hudhani ni umri tu.

Anayempeleka mgonjwa abebe dawa zake zote na kitabu cha kliniki, na aeleze ni lini alidungwa au alimeza dawa mara ya mwisho. Insulini iliyoganda kwenye friza au kukaa juani isitumiwe. Nyumba isiyo na umeme inaweza kuihifadhi ndani ya chungu cha udongo kilichozungushiwa mchanga wenye unyevu, mahali penye kivuli.