Nani Aliyemlea Maimuna? Malezi, Rika na Desturi katika Utengano

Utangulizi

Riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed ilichapishwa mwaka wa 1980. Swali linalowakwaza watahiniwa wengi ni hili: Je, Maimuna anajiponza mwenyewe au anaponzwa na jamii? Kabla ya kujibu, tazama jinsi kundi linavyomfinyanga mtu.

Mfano wa karibu

Mfikirie mtoto wa Bodo, kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, wanakopandia mashua waendao Kisiwa cha Funzi. Hakuna anayemkalisha kumsomesha bamvua na maji mafu. Huyajua kwa kufuatana na wakubwa pwani. Wenzake wa rika humcheka akikosea, na jirani humkanya hata mzazi asipokuwapo. Ndiyo maana tunasema mkono mmoja haulei mwana.

Desturi pia huamua mtu anawajibika kwa nani. Kwa mila ya Wadigo, mali ilirithiwa kwa upande wa mama, kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa. Sheria ya Kiislamu nayo huwapa watoto urithi wa baba yao. Hivyo mwanamume mmoja aliweza kuvutwa huku na mpwa, kule na mwanawe. Mvutano huo haukutokana na moyo wake, bali na taratibu mbili zilizomdai.

Hoja kutoka riwayani

1. Kutengwa: Bwana Maksuudi anamfungia Maimuna ndani akidhani kuta zitamlinda. Binti anakua bila rika, wala hajapata nafasi ya kujifunza kuwapima watu.

2. Kundi jipya: Anapofika mjini, anapokelewa katika nyumba ya Mama Jeni. Ulevi na ukahaba ndio mwenendo wa pale, naye anaufuata. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

3. Jinsia: Mussa, ndugu yake, anaruhusiwa kutoka na kusoma, na baadaye anamkosoa baba yao. Nyumba ni moja, kanuni ni mbili, na tabia zinatofautiana.

4. Mabadiliko: Maisha ya ndoa na Kabi yanampa Maimuna mazingira mengine, naye anaanza upya.

Tahadhari

Usimchore Maimuna kama udongo usio na hiari. Kutoroka kwake ni uamuzi wake mwenyewe. Jamii humwekea mtu njia zilizo mbele yake. Yeye huchagua miongoni mwa hizo. Aliyefungiwa huona njia chache zaidi. Jibu bora hupima pande zote mbili na kutolea kila hoja mfano. Halisimulii hadithi nzima.

Zoezi

1. "Kuta za Maksuudi ndizo zilizompoteza Maimuna." Jadili. (alama 20)

2. Taja desturi moja ya kwenu inayoelekeza tabia ya vijana, kisha uilinganishe na malezi ya Maimuna. (alama 10)